Mizizi ya Upande wa Kisima

Yuliana alikuwa upenuni mwa nyumba ya zamani, anachambua mbaazi kwenye ungo, fundi Gervas alipokuja kumwambia kwamba mle shimoni kuna mwanamke anamuulizia. Gervas alikuwa ametapakaa udongo mwekundu hadi kwenye nyusi. Alivua kofia kwanza, maana kwa adabu hana mpinzani hata akiwa kazini.

"Samahani, Mama Humphrey. Mgeni wako amefika, ila hawezi kupanda mwenyewe. Nimpe ngazi, au unakuja kumwona kwanza?"

"Amejitambulisha?"

"Anasema unamjua."

Yuliana aliweka ungo chini, akaufunika kwa sinia kuku wasije wakadonoa mbaazi, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Alishajua ni nani tangu Gervas alipovua kofia.

Shimo lenyewe lilikuwa la kisima cha kuvunia maji ya mvua. Newala mtu anaweza kujenga nyumba ikakosa dari, ikakosa hata milango ya ndani, watu wasiseme kitu. Ikikosa kisima watamhurumia mpaka mtaa wa pili. Mwalimu Adolf, mume wa Yuliana, hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mwalimu mkuu msaidizi, na nyumba hii mpya aliichora mwenyewe nyuma ya karatasi za mtihani: vyumba vinne, sebule, na baraza ya kupumzikia akistaafu. Pa kuchimba kisima alimwachia fundi achague. Gervas alichagua upande wa mteremko, karibu na mkorosho mkubwa wa uani, kwa kuwa maji ya bati yangeelekea huko yenyewe.

Yuliana alisema, "Siyo hapo."

"Kwa nini?" Adolf aliuliza.

"Siyo hapo tu, Mwalimu."

Sababu alikuwa nayo. Lakini kwa desturi ya nyumba yao, mtoto aliyezaliwa kimya hazikwi na wanaume. Wanawake humfunga kwenye kanga wakamlaza karibu na bafu, penye ardhi ya unyevu, ili tumbo la mama lisikauke, na wakishaondoka, mahali hapo hapatajwi mbele ya mume. Mume naye haulizi. Ndivyo wanavyoheshimiana. Basi mtoto wa kwanza wa Yuliana alilazwa pale, kando ya bafu la zamani, chini ya mkorosho ambao wakati ule ulikuwa haujamzidi mtu kimo, na Adolf akaishi miaka yote akijua kwamba yuko mahali fulani humo uani na kwamba si kazi yake kujua ni wapi. Darasani Adolf hakubali jibu lisilo na maelezo. Alipoona mkewe hana maelezo alisema wataongea kesho, na kesho yake kabla ya chai vijana wa Gervas walikuwa wameshazama mpaka kiunoni.

Mizizi minene kama paja waliikata kwa shoka. Udongo waliotoa waliurundika kwenye shina, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Tipa lililoleta mchanga lilirudi nyuma vibaya likauchuna mti gome, na maji ya kuoshea ndoo za zege yakamwagwa palepale. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watu walikuwa wanajenga.

Mgeni alikuwa amesimama kwenye kona ya shimo, ameegemea vipande vya mizizi vilivyochomoza. Alikuwa mrefu kama watu wa ukoo wa Adolf, amejifunga kanga iliyopauka mpaka maandishi yake hayasomeki, nywele zimejaa udongo. Umri wake ulikuwa uleule ambao mtoto yule angekuwa nao, mkubwa kidogo kuliko Humphrey.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole."

"Mizizi iliyonishika wameikata," alisema. "Nikaona nitoke, nisiwakwamishe mafundi."

Gervas alishusha ngazi. Vijana wake walisogea kumpisha, mmoja akampa mkono, kisha wakanywa chai wakaendelea kuchimba.

Mchana Bibi Selestina alikuja kutoka nyumba ya pili kuhakikisha kwa macho yake. Ndiye aliyekuwa mkunga siku ile, na ndiye aliyechimba. Alimgeuza mgeni huku na huku, akaishika ncha ya kanga, akaisugua kati ya vidole.

"Ndiye huyu," alisema. "Kanga ni yangu. Kipande cha pili nilikivaa mpaka kikaisha."

Alikaa akala mbaazi pamoja nao. Alipokuwa anaondoka alimtania Yuliana kwamba miaka yote hii wamemwita Mama Humphrey kimakosa, na sasa wamwite mama nani? Yuliana alicheka kidogo. Mtoto hakuwa na jina. Kwao mtoto wa kwanza hupewa jina na baba yake, na baba yake alikuwa shuleni.

Adolf alirudi alasiri. Aliegesha pikipiki, akavua helmeti, akamkuta binti amesimama mbele yake amepiga goti kidogo kama inavyotakiwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alimtazama, akalitazama shimo. Yuliana aliuona uso wake ukibadilika na kurudi haraka, kama mwalimu aliyekanyaga mwiba mbele ya wanafunzi. "Umetokea huku kwenye kisima?"

"Ndiyo baba."

"Haya. Karibu." Kisha akamgeukia Gervas akamuuliza kama zege la sakafu ya kisima litatosha.

Tangu siku hiyo alimwita mgeni wa mama. Hakumnyanyasa. Mezani aliuliza, "Mgeni wa mama amekula?" na asipoletewa jibu aliuliza tena. Ila jina hakumpa, na Yuliana alipomkumbusha alisema tumalize kwanza kupaua.

Binti alilala kwenye jiko la nje, kwa kuwa sakafu yake ni ya udongo. Sementi ilimuumiza mgongo. Chakula alichokipenda ni ming'oko, vile viazi vya porini, na hakuwa na haja ya kuitafuta porini kama watu wengine. Alikwenda moja kwa moja mahali ilipo akachimba. Nywele zake Yuliana aliziosha mara kwa mara na udongo haukuisha, mpaka akaacha kuosha akaanza kumsuka tu. Alimsuka mchana, wamekaa chini ya mkorosho, na hiyo ndiyo ilikuwa furaha yake. Miaka yote alikuwa amewasuka watoto wa watu.

Ulikuwa msimu wa mikorosho kubeba. Mkorosho wa uani ulianza kudondosha korosho changa za kijani, ndogo kama maharage, kisha majani ya upande wa kisima yakageuka rangi ya ugoro yakaanguka yote. Wiki hiyohiyo mkono wa kushoto wa binti ulianza kukauka. Ngozi ilipasuka, vidole vikawa vyepesi, akigusa sufuria vinatoa sauti ya kijiti.

Yuliana alimwita Bwana Elineema, afisa kilimo wa kata. Huyu ni Mpare wa Same, amekaa Newala mpaka amejifunza kuoga kwa kopo moja na kubakiza ya kunawa. Aliuzunguka mti, akakwangua kijitawi kwa ukucha kuangalia kama ndani kuna ubichi. Kisha akaomba mkono wa binti, akauangalia pande zote mbili.

"Ugonjwa ni mmoja," alisema.

Alieleza taratibu kama mtu aliyezoea kueleza. Mzizi uliokatwa haurudi; pembeni yake huota mwingine, mwembamba, na huota polepole, kama utapewa nafasi. Udongo uliorundikwa uondolewe wote mpaka shina lionekane linapotanukia kuingia ardhini, maana hapo ndipo mti unapopumulia na wao wameuziba pua. Ardhi iliyokanyagwa na tipa ilegezwe kwa uma, bila kuchimbua. Safu ya juu yenye sementi ikwanguliwe ikatupwe mbali. Nyasi kavu zitandazwe, zisiguse shina. Maji yawekwe mbali na shina, kule matawi yanapoishia, kidogokidogo na kila mara. Wasikate tawi lolote lenye jani hata moja, na mbolea wasithubutu.

"Na huyu?" Yuliana aliuliza.

"Huyu alikuwa ameshikwa na mti. Mti ukifa, atabaki huku juu na nyinyi. Lakini mkono huo mnauona. Atakauka mpaka aishe, na akiisha hatakuwa na mahali."

"Na mti ukipona?"

"Mizizi mipya itamtaka." Bwana Elineema alifunga begi lake. "Samahani, mama. Mimi nawaambieni mambo ya mizizi tu."

Baada ya yeye kuondoka Yuliana alikaa kwenye rundo la matofali. Alitamani kusema acha mti ufe. Alilisema kabisa moyoni, na hakuona aibu. Mtoto alikuja akakaa karibu yake, ule mkono mkavu ameuweka mapajani.

"Mama," alisema, "mimi nimechoka kusimama."

Basi wakaanza kazi. Udongo waliuondoa kwa mikono na bakuli, wakiogopa jembe lisije likajeruhi zaidi. Mizizi iliyochanwachanwa na shoka Yuliana aliinyoosha kwa panga kali, na kila alipokata binti alifumba macho. Nyasi waliomba kwa majirani. Yuliana alitaka kumpa jina mwenyewe, la kumwitia wakiwa kazini, lakini binti alikataa.

"Wewe ukiniita mwanangu ninaitika," alisema. "Sina haja ya lingine kwako."

Maji ndiyo yalikuwa mtihani. Ulikuwa mwezi ambao Newala nzima inaota mabomba, na kisima kipya kilikuwa kitupu kinanuka sementi. Bwana Elineema alikuwa amewashauri wafukie mitungi ya udongo iliyochomwa kidogo, waijaze, iwe inavuja yenyewe ardhini. Mitungi ya namna hiyo siku hizi hakuna mjini. Yuliana aliikumbuka ya marehemu mama yake kule Mnyambe, akachukua bodaboda pamoja na binti. Kurudi walikuwa mishikaki, dereva, Yuliana, binti, na mitungi imefungwa kwa mpira pande zote. Dereva alisema mizigo ni mizito ila yule dada wa nyuma hana uzito kabisa, angebeba watatu wa namna hiyo mpaka Masasi.

Walifukia mitungi kuzunguka mti, midomo nje. Maji ya kwanza Yuliana aliyachota kwenye pipa la mafundi. Adolf alimkuta na ndoo mkononi.

"Maji ya zege unaumwagia mti?"

"Namwagia mtoto."

"Lenta itapasuka, Mama Humphrey."

"Ipasuke."

Hawakuwahi kusemeshana hivyo mbele ya mafundi. Gervas alipata ghafla kazi ya kufanya upande wa pili wa nyumba. Adolf alibaki amesimama, kisha akaingia ndani kukagua fremu za madirisha. Siku iliyofuata pipa lilikuwa na kifuniko na kufuli. Yuliana hakugombana. Aliacha kuoga nyumbani. Maji yake ya kuoga, ya kuoshea mchele, ya kusuzia vyombo, yote yaliingia kwenye mitungi, na majirani wanawake walipojua wakaanza kuleta na yao, kila mmoja kopo lake, bila kuulizwa na bila kueleza waume zao. Wengi wao walikuwa na mahali pao uani ambapo hapatajwi.

Mvua zilifika Desemba. Bati jipya lilipiga kelele usiku na mchana na kisima kikajaa. Adolf alifurahi mpaka akaita walimu wenzake waje kuchungulia. Mkono wa binti ulianza kulainika. Kwenye mkorosho, pale penye majeraha, vilitokea vimizizi vyeupe kama nyuzi, Yuliana akavifunika haraka kwa nyasi. Alifurahi, na furaha hiyohiyo ilimkata maini.

Kadiri mti ulivyopata nafuu binti alizidi kuwa mzito. Alianza kuacha alama za miguu hata kwenye ardhi kavu, kisha akawa akisimama mahali kwa muda anazama hadi kifundoni, inabidi avutwe. Mafundi wakimwona amezama walimsaidia wakaendelea na plasta. Yuliana aliona siku zinakwisha, na kuna jambo moja lilikuwa bado.

Alilisema mezani, wakati wa chakula cha jioni, Adolf akiwa ananawa.

"Mwalimu, mtoto anakaribia kuondoka. Mwambie neno."

"Neno gani?"

"Lile la siku ile. Nilikuwa na uchungu tangu asubuhi, Bibi Selestina akasema nipelekwe hospitali, wakaja kukuuliza wewe kwa kuwa ndiye mwenye kuruhusu. Ukasema tusubiri kupambazuke."

Adolf alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Gari halikuwepo."

"Pikapu ya jirani ilikuwepo. Ilikuwa imeegeshwa hapo nje."

"Haikuwepo, Mama Humphrey. Ni zamani, umesahau."

Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamenya mng'oko. Alisema bila kuinua macho, kwa sauti ileile anayoombea chumvi:

"Ilikuwepo, baba. Niliisikia ikiwashwa alfajiri. Nilidhani inatujia sisi."

Adolf alimega tonge, akalichovya kwenye mboga, akalitafuna muda mrefu. Kisha akasema mboga imekolea chumvi leo, akanyanyuka akaenda kuhesabu vigae vya sebuleni.

Nyumba ilibarikiwa mwezi wa Juni. Humphrey alikuja kutoka Masasi na mkewe, wadogo zake Paskalia na Mathias wakaja kutoka shuleni. Wote watatu walimsalimia dada yao kwa heshima na kumpa nafasi kwenye benchi, na Paskalia alimletea viatu, lakini kwa jinsi alivyokuwa mzito havikudumu hata siku moja. Padre alinyunyiza maji chumba kwa chumba. Alipofika sebuleni akamwomba baba mwenye nyumba ataje watoto wake, mmoja mmoja, wabarikiwe pamoja na kuta.

"Humphrey," Adolf alisema. "Paskalia. Mathias."

Binti alikuwa mlangoni, ameshika sinia la glasi. Yuliana alimtazama mumewe usoni. Aliona akivuta pumzi, akaona midomo ikifunguka, na kwa kitambo hicho kidogo alimsamehe kila kitu. Adolf akawakaribisha wageni kwenye chakula.

Kesho yake asubuhi, wageni walipokwisha kuondoka, binti aliosha glasi zote, akazipanga, akaenda kusimama kwenye ule ukanda mwembamba wa ardhi ulio kati ya shina na ukuta wa kisima. Mkorosho ulikuwa umechipua majani mapya, mekundu na laini, hata upande uliokatwa. Yuliana alienda kusimama naye. Alimfunga vizuri ile kanga iliyopauka, akamwekea na mpya juu yake.

"Hapo panakutosha?"

"Panatosha mama. Ni pembamba, ila panatosha."

Alizama taratibu, miguu kwanza, ameshika mikono ya mama yake. Yuliana aliishika mpaka aliposhindwa kuinama zaidi. Kisha akasawazisha udongo, akarudisha nyasi, akakaa palepale akalia kwa sauti. Mara ya kwanza alikatazwa kulia, kwamba tumbo litafunga, na wakati ule alikuwa anamlilia mtu asiyemjua. Safari hii alimjua. Alijua anavyocheka, anavyomenya ming'oko, sauti yake ilivyo nzito asubuhi. Iliuma kuliko mara ya kwanza, na hakuna aliyekuja kumkataza. Bibi Selestina alikuja, akakaa upande wa pili wa shina, akalia pamoja naye, na ya kwake pia.

Mwaka huo mkorosho ulitoa maua machache, karibu yote upande wa mbali na kisima. Bwana Elineema alipita akasema utachukua miaka, lakini hauendi kokote. Adolf aliwaambia walimu wenzake kwamba mti wa korosho una roho ngumu, ukiuacha unapona wenyewe. Aliupenda sana uvuli wake. Baraza ya kupumzikia ilikuwa na joto kwa sababu ya bati, kwa hiyo alinunua kiti cha plastiki chenye mikono, na kila alasiri alikibeba akakaa uani, kati ya shina na kisima, akisahihisha madaftari.

Siku moja Yuliana alisimama mbele yake na ndoo ya maji ya mitungi.

"Mwalimu, naomba usogeze kiti kidogo."

Adolf aliinua macho. Alimtazama mkewe, kisha akatazama chini, kwenye nyasi kavu zilizotandazwa kati ya miguu yake, akatazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama nyasi. Hakuuliza kwa nini. Aliinuka nusu, akakisogeza kiti kidogo, akakaa tena na kufungua daftari. Mguu mmoja wa kiti ulibaki palepale.